Nzi Asiyekamatika: Habari za Ute wa Jicho na Upasuaji Wake

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa asome kwanza kwa sauti, kisha wanafunzi wasome kwa zamu.

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaosoma somo hili darasani huko Kasekese! Kaeni vizuri, fungueni madaftari yenu, tuanze.

Somo letu la leo ni la historia. Mara nyingi tukitaja historia watu hufikiri habari za vita, za watemi na za wageni waliokuja kututawala. Lakini hata jicho lako lina historia. Leo tutasoma jinsi watu walivyojifunza kuingia ndani ya jicho na kutoka humo bila kuliharibu. Tutaona pia kwa nini daktari mwema, ingawa anaweza kukupasua, mara nyingine atakuambia urudi nyumbani.

Kwanza fanya jaribio dogo. Asubuhi toka nje, utazame mbingu mahali palipo peupe. Usilitazame jua, maana jua huunguza jicho. Tulia kidogo. Je, waona kitu kidogo kikipita mbele yako? Labda ni kidoa, labda ni kipande cha uzi, labda ni kama utando wa buibui au nzi mdogo. Ukikigeuzia jicho ili ukione vizuri, chakimbia. Ukitulia, nacho chashuka polepole. Ukipunga mkono kukifukuza, hakiondoki. Kwa nini? Kwa sababu hakiko nje. Kimo ndani ya jicho lako mwenyewe.

Watu wengi huviona vitu hivi, hasa wale waliopita umri wa miaka 50. Katika somo hili tutaviita vivuli vieleavyo.

Jicho lilivyo

Jicho ni kama chumba kidogo cha mviringo. Mbele lina kioo kiangavu. Nyuma ya kioo kuna mboni, nayo ni mlango wa mwanga. Nyuma ya mboni kuna lenzi. Na nyuma kabisa, ukutani, kumetandikwa utando mwembamba uitwao retina. Retina ndiyo ipokeayo picha ya kila unachokiona, nayo huipeleka kwenye ubongo kwa njia ya mshipa.

Sasa, kati ya lenzi na retina mna nini? Mna ute. Wewe umepata kuvunja yai bichi. Basi ute wa jicho wafanana na ute wa yai. Ujazo wake ni kama mililita 4, yaani haujai kijiko kimoja cha chai. Karibu wote ni maji: katika sehemu 100, sehemu 98 au zaidi ni maji matupu. Kidogo kilichobaki kina nyuzi nyembamba mno, nazo ndizo zifanyazo ute usimwagike kama maji.

Mtu akiwa kijana, ute huwa mzito na safi. Umri ukisonga, hulegea na kuwa majimaji, na zile nyuzi hushikana na kufanya vifundo. Mwanga ukiingia, vifundo hutupa kivuli juu ya retina, kama vile mti utupavyo kivuli chake ukutani. Kivuli hicho ndicho unachokiona. Baadaye ute hunywea, ukajibandua kutoka ukuta wa nyuma. Siku hiyo huenda ukaona kivuli kipya, kikubwa kuliko vile vya zamani. Kwa watu wengi jambo hili hupita bila madhara. Wale wasioona mbali, na wale waliopata kupigwa au kupasuliwa jicho, huenda yakawapata mapema zaidi.

Zamani hakuna aliyeweza kuona ndani

Vivuli hivi ni vya tangu kale. Madaktari wa zamani wa Ulaya waliandika habari zake kwa Kilatini, wakaviita kwa maneno yenye maana ya nzi warukao. Lakini hawakuweza kuwaona nzi hao wenyewe. Aliyewaona ni mgonjwa peke yake. Daktari alipotazama mboni aliona weusi tu, kama mtu achunguliaye nyumba isiyo na taa kupitia tundu la ufunguo.

Giza hilo lilitoweka mwaka 1851. Mwaka huo mtaalamu wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alitangaza chombo chake kipya. Kilikuwa kitu chepesi: vioo vilivyopangwa ili mwanga wa taa uingie katika mboni, na jicho la daktari litazame kwa njia ile ile unakopita mwanga. Kwa mara ya kwanza madaktari wakaweza kuona retina ya mtu aliye hai, na mishipa yake ya damu, na mawingu yaliyomo ndani ya ute. Hata leo, daktari wa macho akikumulika kwa taa ndogo karibu na uso wako, atumia kanuni ile ile.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mganga mmoja Mwafrika jina lake Adrien Atiman. Alizaliwa katika nchi za mto Niger, Afrika ya Magharibi. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga katika kisiwa cha Malta. Alipofika Karema hakuondoka tena. Aliwatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani kwa muda wa miaka 67. Karema imo katika wilaya yenu hiyo hiyo ya Tanganyika, mkoani Katavi.

Nimemtaja Atiman kwa sababu moja. Katika miaka yote ile 67, hakukuwa na daktari popote duniani aliyekuwa na chombo cha kukata ute na kuutoa katika jicho kwa tundu dogo. Hakikuwapo Karema, wala London, wala Berlin. Basi tusidhani kwamba watu wa huku walikosa dawa hiyo kwa kuwa walikuwa mbali. Dawa yenyewe ilikuwa haijazaliwa.

Kwa nini ute uliogopwa

Kupasua jicho si jambo jipya. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita waganga wa India walitibu mtoto wa jicho kwa sindano. Mtoto wa jicho, kama ujuavyo, ni lenzi iliyogeuka nyeupe. Waganga wale waliisukuma lenzi ile ikaangukia ndani ya ute. Mgonjwa aliona mwanga, lakini macho mengi yalivimba na kuoza baadaye. Mwaka 1747 Mfaransa Jacques Daviel alitumia njia nyingine: alikata kioo cha jicho pembeni na kuitoa lenzi mbovu nje kabisa. Mwaka 1884 Karl Koller, mjini Vienna, alionyesha kwamba matone ya kokeini hufisha ganzi jicho, na tangu hapo mgonjwa hakulazimika kushikwa na wanaume wanne.

Hata hivyo, kwa miaka mingi wapasuaji walifundishwa sheria moja: usiuguse ute! Ute ukitoka wakati wa upasuaji, ulivuta retina nyuma yake, na jicho likafa. Hivyo ute ulikuwa kama nguzo ya nyumba. Nani atathubutu kuing'oa nguzo huku watu wamelala ndani?

Ugonjwa mmoja ulitisha kuliko yote. Ute unaponywea na kujibandua, mara nyingine huishika retina kwa nguvu na kuichana. Maji hupenya katika mchaniko, na retina yote hubanduka ukutani, kama karatasi ibandukavyo ukutani wakati wa mvua. Kabla ya miaka ya 1920 jicho la namna hii lilihesabiwa kuwa limekwisha kufa. Ndipo daktari Jules Gonin, wa mji wa Lausanne nchini Uswisi, alipofundisha kwamba kisa chote ni kile kitundu. Alikitafuta kwa uvumilivu mpaka akakiona, akakichoma kwa chuma cha moto, kovu likafunga, na retina ikashika tena mahali pake. Wenzake hawakusadiki mara moja. Lakini wagonjwa wake walikuwa wakiona, na hilo halikuweza kukanushwa.

Mtu aliyethubutu

Katika miaka ya 1960, mjini Miami huko Marekani, daktari David Kasner aliona jambo la ajabu. Alitoa ute mwingi katika macho yaliyoharibika, kwa sifongo na mkasi, na macho yale hayakufa. Kumbe jicho laweza kuishi bila ute, mradi utolewe kwa kukatwa, si kwa kuvutwa! Lakini njia yake ilihitaji kulifungua jicho lote mbele, na hiyo ilikuwa kazi ya hatari.

Katika mji huo huo alikuwapo daktari Robert Machemer, mzaliwa wa Ujerumani. Aliwaza hivi: je, siwezi kuingia kwa tundu dogo ubavuni mwa jicho, nikaliacha jicho limefungwa? Akatengeneza chombo mfano wa kalamu, akisaidiwa na fundi Jean-Marie Parel. Ndani ya mrija mlikuwa na kisu kidogo kinachozunguka. Chombo kilikata ute vipande vidogo, kikavinyonya nje, na papo hapo kikaingiza maji ya chumvi kujaza nafasi. Kwa njia hiyo jicho halikunywea kama mpira uliotoka pumzi. Kabla ya kugusa jicho la mtu, Machemer alijaribu chombo chake kwa ute wa mayai ya kuku.

Mwezi wa Aprili 1970 alimpasua mgonjwa wa kwanza kwa njia hii. Mgonjwa huyo alikuwa na kisukari. Kisukari hudhoofisha mishipa ya damu ya retina, ikapasuka, na damu ikamwagika ndani ya ute. Ute ulikuwa mweusi, mwanga haukupita. Machemer aliutoa, akaweka maji safi, na mwanga ukapita.

Chombo cha kwanza kilikuwa kinene. Mwaka 1972 Conor O'Malley na Ralph Heintz waligawa kazi katika matundu matatu madogo: moja la maji, moja la taa, moja la kisu. Vyombo vyao vilikuwa na unene wa milimita 0.9. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 unene ulipungua hadi milimita 0.5, na siku hizi tundu dogo kama hilo mara nyingi halihitaji kushonwa. Ute ukishatolewa hauoti tena. Jicho hujaza nafasi ile kwa maji yake lenyewe.

Je, vivuli vipasuliwe?

Sasa tumefika kwenye swali gumu. Upasuaji huu ulibuniwa kwa ajili ya macho yaliyokuwa yakipofuka. Lakini kila chombo kikizidi kuwa chepesi, watu hutamani kukitumia kwa mambo mengine. Ndivyo ilivyokuwa. Watu wanaosumbuliwa na vivuli, ingawa wanaona vizuri, walianza kuomba watolewe ute.

Je, upasuaji huo waviondoa vivuli? Ndiyo, kwa kawaida waviondoa, kwa kuwa ute wenye vifundo hutolewa. Basi kwa nini madaktari husita? Kwa sababu ya hesabu. Katika watu waliopita miaka 50, wengi hupata mtoto wa jicho katika miaka miwili baada ya kutolewa ute, na itawabidi wapasuliwe mara ya pili. Wachache retina yao huchanika au kubanduka. Wachache zaidi hupata vidudu ndani ya jicho, na jicho laweza kupotea. Kwa mtu aliyekuwa haoni kitu, hatari hizi ni ndogo kuliko faida. Kwa mtu anayesoma gazeti na kupalilia shamba lake bila taabu, hatari ni kubwa kuliko faida.

Tangu miaka ya 1980 imekuwapo njia nyingine: kupiga vifundo kwa mwali wa leza ili vivunjike. Huwasaidia baadhi ya watu, wengine hauwasaidii, na vifundo vilivyo karibu na lenzi au retina haifai kuvipiga.

Kwa watu walio wengi dawa ni subira. Vivuli huzama chini polepole, na ubongo hujizoeza kutovijali, kama vile mtu aishiye karibu na reli azoeavyo mlio wa garimoshi. Kwa kawaida hii huchukua miezi kadhaa. Wapo wachache ambao vivuli vyao ni vizito mno, havipungui, navyo vyawazuia kusoma, kushona au kuendesha gari. Hao wana haki ya kuzungumza na bingwa juu ya upasuaji, na kupima faida na hatari pamoja naye.

Habari zetu za Tanzania

Mwaka 1971 ilifunguliwa hospitali ya KCMC huko Moshi, nayo ina idara kubwa ya macho. Mwaka 1994 ilianzishwa CCBRT, Dar es Salaam, ambayo imefanya kazi nyingi ya kupasua macho. Upasuaji wa ute na retina wahitaji mashine ya bei kubwa, hadubini, na bingwa aliyesomea kazi hiyo kwa miaka. Kwa hiyo haupatikani katika kila hospitali. Kutoka Kasekese njia ni hii: zahanati au kituo cha afya, kisha Mpanda, kisha barua ya kwenda hospitali kubwa ya rufaa. Safari ni ndefu na fedha ni nyingi. Ndiyo maana nataka ujue ni nani asafiri na ni nani abaki.

Tuseme yupo mzee mmoja. Kwa miaka miwili ameona uzi mmoja ukielea. Hauongezeki, na macho yake yaona vizuri. Mtu amemwambia auze ng'ombe aende kupasuliwa. Je, auze? La. Apimwe macho mara moja ili kuhakikisha, kisha amtunze ng'ombe wake.

Tuseme pia yupo mama mmoja. Jana jioni ghafla aliona vivuli vingi, kama masizi yaliyomwagwa. Gizani aona mimweso mfano wa radi. Leo asubuhi kuna pazia jeusi upande mmoja wa jicho, nalo laongezeka. Hana maumivu, kwa hiyo asema atangoja mavuno yaishe. Je, angoje? Hata kidogo! Huyo retina yake yabanduka. Ikiwa imechanika tu, daktari aweza kuziba mchaniko kwa mwali. Ikiwa imebanduka, apasuliwe mapema, kabla katikati ya retina haijabanduka nayo. Ikishabanduka katikati, uoni haurudi sawasawa kama zamani. Kama kuna ng'ombe wa kuuzwa, auzwe kwa ajili ya huyu.

Je, umeona, ndugu msomaji? Mwenye vivuli vya siku nyingi visivyobadilika hana haraka. Mwenye vivuli vipya vingi, mimweso au pazia, aondoke siku ile ile. Usipimie ugonjwa huu kwa maumivu, maana retina haina maumivu.

Na jambo moja zaidi. Mtu akiona nzi machoni hudhani ni uchafu, akakamua maji ya majani au akatia dawa ya jirani. Usifanye hivyo. Vivuli vimo ndani kabisa, nyuma ya lenzi. Majani hayafiki huko. Yanachofikia ni kioo cha mbele, na hapa Tanzania watu wengi wamepata vidonda vya kioo kwa sababu ya dawa za namna hiyo. Hakuna matone wala vidonge vilivyothibitishwa kuviondoa vivuli.

Mwenye kisukari asingoje vivuli. Apimwe retina kila mwaka, hata akiwa aona vizuri, maana damu humwagika bila kubisha hodi.

Maneno mapya

Ute: kitu laini kama ute wa yai, kilichojaa ndani ya jicho.
Retina: utando wa nyuma ya jicho upokeao picha.
Lenzi: kitu kiangavu nyuma ya mboni kikusanyacho mwanga.
Rufaa: kupelekwa kutoka hospitali ndogo hadi kubwa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kivuli chakimbia unapotaka kukitazama?
2. Kabla ya mwaka 1851 daktari alishindwa kufanya nini?
3. Jules Gonin aligundua nini juu ya retina iliyobanduka?
4. Chombo cha Machemer kiliingiza maji ya chumvi kwa sababu gani?
5. Mfikirieni yule mzee na yule mama. Kama wote wawili ni wa ukoo wako, na fedha zinamtosha mmoja tu, utampeleka nani? Toa sababu.
6. Andika sentensi tatu za kumweleza jirani asiyejua kusoma dalili za kumpeleka hospitali upesi.

Somo limekwisha. Asomaye vizuri na amsomee mzee wa nyumbani kwake sehemu ile ya mzee na mama. Kwa herini.